Kemia ya kidato cha nne kwa jiwe moja la chokaa: mwongozo kamili kwa watahiniwa wa Tanga

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kemia akiwa Tanga amezungukwa na chokaa. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Kuta za nyumba za zamani za mjini zimeshikwa na chokaa, na bibi anayekula tambuu barazani ana kikopo chake cha chokaa pembeni. Darasani jiwe hilo linaitwa kalsiamu kabonati, fomula yake CaCO₃. Ukilifuata kutoka mwambani hadi tanurini, kutoka tanurini hadi ndooni, kutoka ndooni hadi ukutani, utapita kwenye sehemu kubwa ya mada za kidato cha kwanza hadi cha nne.

Wengi hujiandaa kinyume. Hufungua daftari jipya, wakaandika maana ya atomu, maana ya molekuli, maana ya ioni, kurasa na kurasa, kisha wakakariri usiku kama kasida. Maswali ya kutaja maana yapo, lakini alama nyingi ziko kwenye maswali ya nini kitatokea, kwa nini, na kiasi gani. Istilahi hukaa kichwani pale unapoiona ikifanya kazi. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa hatua, na jiwe letu tutatembea nalo.

Jambo moja la utaratibu kwanza. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza. Elewa kwa Kiswahili, halafu kila hatua ukiimaliza andika sentensi mbili tatu za jibu kwa lugha ya mtihani, bila kuangalia kitabu. Ukiruka zoezi hili utajikuta ndani ya chumba cha mtihani unajua jibu na huna maneno.

Hatua ya kwanza: jua umeshika nini

Okota jiwe la chokaa. Je, ni elementi, ni kampaundi au ni mchanganyiko?

Elementi ni dutu safi ambayo haiwezi kugawanywa kwa njia ya kikemia ikawa dutu sahili zaidi: chuma, salfa, oksijeni, kalsiamu. Kampaundi ni dutu safi iliyotokana na elementi mbili au zaidi kuungana kikemia kwa uwiano usiobadilika. Mchanganyiko ni dutu zilizowekwa pamoja bila kuungana, kwa uwiano wowote, nazo hutenganishwa kwa njia za kifizikia.

CaCO₃ safi ni kampaundi. Lakini jiwe uliloliokota lina udongo, mchanga na madini ya chuma ndani yake, kwa hiyo jiwe lenyewe ni mchanganyiko. Mtego huu hurudi kwa sura nyingi: maji safi ni kampaundi, maji ya bahari ni mchanganyiko, kabonidayoksaidi ni kampaundi, hewa ni mchanganyiko. Ukiulizwa sababu, usiseme tu "kwa sababu vimechanganyika". Taja tofauti: uwiano haujafungwa, vijenzi havijapoteza tabia zao, na hakuna muungano wa kikemia.

Maji ya bahari yanafaa kwa njia za kutenganisha. Kilo moja ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukitaka chumvi, unayaacha yakauke juani kama wafanyavyo wavuna chumvi wa pwani; huo ni uvukizaji. Ukitaka maji, uvukizaji haukusaidii, maana maji yameondoka angani. Unahitaji ukenekaji, yaani kuchemsha, kunasa mvuke na kuupoza. Mchanga unautoa kwa kuchuja. Swali huanza na unachokitaka, na njia hufuata hapo. Yote haya ni mabadiliko ya kifizikia kwa sababu hakuna dutu mpya. Kuchoma jiwe la chokaa ni mabadiliko ya kikemia, tutayafikia.

Hatua ya pili: ingia ndani ya atomu

Kalsiamu ina namba ya atomu 20, yaani protoni 20. Atomu isiyo na chaji ina elektroni 20 pia, zikipangwa 2:8:8:2. Kwa mpangilio huo peke yake unajibu maswali manne. Elektroni za nje ni mbili, kwa hiyo iko kundi la II. Mizingo ni minne, kwa hiyo iko kipindi cha 4. Ni rahisi kuachia elektroni mbili kuliko kupokea sita, kwa hiyo ni metali. Ikiziachia inabaki na protoni 20 na elektroni 18, kwa hiyo ni ioni (atomu yenye chaji) Ca²⁺ na valensi yake, yaani idadi ya elektroni inazotumia kuungana, ni 2.

Klorini ina namba ya atomu 17, mpangilio 2:8:7. Inakosa elektroni moja, hivyo huwa Cl⁻. Kalsiamu moja ina elektroni mbili za kutoa na kila klorini inapokea moja, kwa hiyo klorini mbili zinahitajika: CaCl₂. Hiyo ndiyo sababu ya ule mchezo wa kuvusha valensi, ambapo valensi ya mmoja huwa namba ya chini ya mwenzake. Ukiujua mchezo bila sababu, swali la kuchora bondi litakukwamisha. Muungano wa kupeana elektroni ni bondi ya ioni. Wa kushirikiana elektroni, kama ndani ya CO₂ au maji, ni bondi ya kovalenti. Kampaundi za ioni huwa na joto kubwa la kuyeyuka, na hupitisha umeme zikiyeyuka au zikiwa kwenye maji, kwa kuwa hapo ioni zinaweza kutembea.

Kuna orodha moja fupi ambayo sitakudanganya kwamba haihitaji kukaririwa. Valensi 1: haidrojeni, sodiamu, potasiamu, fedha, klorini, OH, NO₃, HCO₃, NH₄. Valensi 2: kalsiamu, magnesiamu, bariamu, zinki, oksijeni, SO₄, CO₃. Valensi 3: aluminiamu na PO₄. Chuma ni 2 au 3, shaba ni 1 au 2, risasi ni 2 au 4. Iandike, ibandike ukutani. Anayekosea fomula hukosea mlinganyo, na anayekosea mlinganyo hukosea hesabu.

Isotopu ziguse upesi. Ni atomu za elementi moja zenye protoni sawa na neutroni tofauti. Klorini ina ya 35 kwa takriban asilimia 75 na ya 37 kwa asilimia 25. Wastani: (35 × 75 + 37 × 25) ÷ 100 = 35.5. Swali hili likija ni alama za bure.

Hatua ya tatu: mlinganyo

Dondosha asidi haidrokloriki kwenye jiwe la chokaa, litachemka povu. Kwa maneno: kalsiamu kabonati na asidi haidrokloriki hutoa kalsiamu kloridi, maji na kabonidayoksaidi. Kwa fomula:

CaCO₃ + HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Hesabu kila upande. Kalsiamu 1 na 1, kaboni 1 na 1, oksijeni 3 na 3. Klorini 1 kushoto, 2 kulia. Haidrojeni vivyo hivyo. Weka 2 mbele ya HCl:

CaCO₃(s) + 2HCl(aq) → CaCl₂(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Namba ya mbele unaruhusiwa kuibadilisha. Namba ya chini, iliyo ndani ya fomula, usiiguse kabisa, kwa sababu ukiandika H₂Cl₂ umetunga dutu ambayo haipo. Anza na metali, kisha vikundi vinavyobaki vizima kama SO₄ (vihesabu kama kitu kimoja), haidrojeni na oksijeni ziache mwisho. Alama za hali, yaani s, l, g na aq, usizisahau. Watahiniwa hupoteza alama hapo bila sababu yoyote ya maana.

Ukiombwa mlinganyo wa ioni, vunja vilivyoyeyuka kwenye maji na uache vigumu, vimiminika na gesi vilivyo. Ioni zilizo pande zote mbili bila kubadilika zinafutwa. Hapa ni Cl⁻:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Hatua ya nne: safari ya chokaa

Hapa ndipo pa kukaa siku kadhaa, kwa sababu mada nyingi zinakutana.

Tanurini. Jiwe likipata joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi huvunjika:

CaCO₃(s) → CaO(s) + CO₂(g)

CaO ni chokaa hai. Mmenyuko huu ni mtengano kwa joto nao unanyonya joto. Ukitokea ndani ya chombo kilichofungwa, CO₂ haina pa kwenda, inarudi kuungana na CaO, na hatimaye kwenda na kurudi hulingana: huo ni msawazo. Tanuri la chokaa huachwa wazi juu ili gesi itoke, na mmenyuko uendelee upande mmoja hadi jiwe liishe. Kanuni ya Le Chatelier ndiyo hii. Ondoa zao, msawazo husogea kulifidia. Ongeza shinikizo, msawazo husogea upande wenye moli chache za gesi (moli ni kipimo cha idadi, tutakifikia hatua ya tano), hapa upande wa jiwe. Ongeza joto, husogea upande unaonyonya joto, hapa upande wa chokaa hai. Ukiweza kuieleza kwa tanuri, utaieleza kwa mchakato wa Haber wa kutengeneza amonia, ambao watunga mitihani wanaupenda. Saruji nayo huanza kwa jiwe hilihili pamoja na udongo, lakini joto la tanuri lake hufika takriban nyuzi 1450.

Kabonati za sodiamu na potasiamu hazivunjiki kwa moto wa maabara. Ya shaba ni ya kijani na hubaki unga mweusi wa CuO. Ya zinki hubaki ZnO, ya manjano ikiwa moto na nyeupe ikipoa. Rangi hizi kariri, zinatumika kwenye vitendo.

Ndooni. Mwagia chokaa hai maji:

CaO(s) + H₂O(l) → Ca(OH)₂(s)

Hutokota yenyewe bila moto, mvuke ukifuka, kwa sababu mmenyuko unatoa joto jingi. Mzee yeyote aliyewahi kuzima chokaa ya kupaka nyumba atakuonya usiiname juu ya ndoo, na onyo lake ni la kweli: hiyo ni alkali ya moto, hula macho. Usijaribu nyumbani. Zao ni kalsiamu haidroksidi, yaani chokaa iliyozimwa.

Kwenye glasi. Chokaa iliyozimwa huyeyuka kidogo tu katika maji. Ukiichuja, maji maangavu yanayopita ni maji ya chokaa, kipimo cha kabonidayoksaidi. Pulizia gesi hiyo:

Ca(OH)₂(aq) + CO₂(g) → CaCO₃(s) + H₂O(l)

Maji huwa kama maziwa kwa sababu jiwe limezaliwa upya kama chembe ndogo za mashapo meupe. Wengi huishia hapo. Endelea kupuliza na maziwa yanapotea:

CaCO₃(s) + H₂O(l) + CO₂(g) → Ca(HCO₃)₂(aq)

Kalsiamu haidrojeni kabonati inayeyuka, ndiyo maana maji yanang'aa tena. Ukiyachemsha, mmenyuko unarudi nyuma na mashapo yanatokea kwa mara nyingine. Swali linaloanza na "gesi ilipulizwa kwenye maji ya chokaa kwa muda mrefu" linahitaji milinganyo yote miwili. Ukitoa mmoja umepata nusu.

Amboni. Sasa nenda mapangoni, au kumbuka safari ya shule. Mvua hubeba CO₂ ya angani na ya udongoni, inakuwa asidi dhaifu, inapenya mwambani na kuyeyusha jiwe kwa mmenyuko uleule wa pili: pango limechimbika hivyo. Maji yakidondoka darini mwa pango hupoteza CO₂, jiwe linarudi, na nguzo zinaota kutoka juu na kutoka chini. Karibu na hapo kuna chemchemi ya maji moto yenye harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, H₂S, na kipimo chake ni karatasi yenye risasi asetati, ambayo huwa nyeusi.

Kisimani. Maji yaliyopita kwenye mwamba wa chokaa huja na Ca(HCO₃)₂. Sabuni haitoi povu upesi, utando mweupe unaelea, na birika linajenga ganda ndani. Hayo ni maji magumu. Ugumu wa muda unatokana na haidrojeni kabonati za kalsiamu na magnesiamu, nao unaondoka kwa kuchemsha. Ugumu wa kudumu unatokana hasa na salfeti na kloridi za metali hizohizo, nao hauondoki kwa kuchemsha. Unahitaji sodiamu kabonati au kibadilisha ioni. Kuna njia ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani mwalimu anatania: kuongeza chokaa ili kuondoa chokaa.

Ca(HCO₃)₂(aq) + Ca(OH)₂(aq) → 2CaCO₃(s) + 2H₂O(l)

Inafanya kazi kwa sababu kalsiamu yote, ya zamani na ya kuongezwa, inaanguka chini kama mashapo. Kiasi lazima kipimwe. Ukizidisha, kalsiamu ya ziada inabaki majini na ugumu unarudi. Ukiulizwa hasara ya njia hii, jibu ndilo hilo. Ukiulizwa faida za maji magumu, zipo pia: kalsiamu kwa mifupa na meno, na ganda lake huzuia risasi ya mabomba ya zamani isiingie majini.

Ukutani. Chokaa iliyopakwa hukauka, kisha taratibu hunyonya CO₂ ya hewa na kuwa CaCO₃ tena. Ukuta wa nyumba ya zamani, kwa kemia, umerudi kuwa mwamba. Chora mzunguko huu wote kwenye karatasi moja, mishale na milinganyo, na uchore tena kesho yake bila kuangalia.

Hatua ya tano: moli

Hofu ya moli ni kubwa kuliko moli yenyewe. Muuza duka wa jumla anaposema korija, unajua ni 20, iwe korija ya kanga au ya mabati. Idadi ni ileile, uzito tofauti. Moli ni jina la idadi kwa namna hiyohiyo, ila idadi yake ni 6.02 × 10²³. Moli moja ya dutu yoyote ina masi sawa na masi ya fomula yake kwa gramu. CaCO₃: 40 + 12 + (3 × 16) = 100. CaO ni 56, CO₂ ni 44, Ca(OH)₂ ni 74. Masi za atomu hutolewa kwenye karatasi ya mtihani, usipoteze usiku kuzikariri.

Milango mikuu ya kuingia kwenye moli ni mitatu: gramu gawanya kwa masi ya moli; ujazo wa gesi gawanya kwa 22.4 dm³ kwenye hali sanifu (nyuzi 0 za Selsiasi na shinikizo la angahewa moja); molariti, yaani moli ndani ya kila dm³ ya mmumunyo (kifupi M), zidisha kwa ujazo kwa dm³. Maswali mengi yanakwenda hivi: badili ulichopewa kiwe moli, tumia uwiano wa mlinganyo kupata moli za unachotafuta, badili hizo ziwe kipimo ulichoombwa. 

Mfano. Tani moja ya mawe safi ya chokaa ikichomwa yote, itatoa chokaa hai kiasi gani? Uwiano ni 1:1, gramu 100 hutoa gramu 56, kwa hiyo kilo 1000 hutoa kilo 560. Kilo 440 nyingine zimepanda angani kama gesi. Jumla ni 1000: kanuni ya uhifadhi wa masi.

Mfano wa pili, wa usafi. Gramu 10 za jiwe lenye takataka ziliwekwa kwenye asidi ya kutosha, zikatoa 2.016 dm³ za CO₂ kwenye hali sanifu. Moli za gesi: 2.016 ÷ 22.4 = 0.09. Uwiano ni 1:1, kwa hiyo moli za CaCO₃ ni 0.09, yaani gramu 9. Usafi: 9 ÷ 10 × 100 = asilimia 90. Tunachukulia kwamba takataka zenyewe hazitoi CO₂.

Mfano wa tatu, wa fomula sahili. Dutu ina asilimia 40 ya kalsiamu, 12 ya kaboni na 48 ya oksijeni. Gawanya kila moja kwa masi ya atomu: 40/40 = 1, 12/12 = 1, 48/16 = 3. Umerudi kwenye CaCO₃. Andika hatua hata kama jibu unaliona, kwa sababu msahihishaji analipa hatua.

Hatua ya sita: asidi, besi, chumvi, na kasi

Asidi hutoa H⁺ kwenye maji; besi huiondoa asidi na kuacha chumvi na maji; alkali ni besi inayoyeyuka kwenye maji. Jikoni asidi ni ndimu, ukwaju na siki; magadi ni upande wa pili. Viashiria vipo pia. Juisi ya choya ni nyekundu kwenye ndimu na hugeuka kuelekea kijani kwenye maji ya magadi. Hata wekundu wa tambuu hautoki kwa popoo peke yake: ni alkali ya chokaa inayouleta.

Swali la mtego, la siku zote: kwa nini CO₂ haitengenezwi maabara kwa vipande vya marumaru na asidi salfuriki? Kwa sababu kalsiamu salfeti inayotokea huyeyuka kwa shida, inafunika vipande, na mmenyuko unakufa mapema. Kwa asidi haidrokloriki zao ni CaCl₂, linayeyuka, jiwe linabaki wazi.

Jibu hilo linatokana na kanuni za umumunyifu, na hizi zinafaa kukaa kichwani. Naitreti zote huyeyuka, na chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amonia. Kloridi huyeyuka isipokuwa za fedha na risasi. Salfeti huyeyuka isipokuwa za bariamu na risasi, na ya kalsiamu kidogo sana. Kabonati haziyeyuki isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amonia. Hapo ndipo unapoamua namna ya kutengeneza chumvi: isiyoyeyuka unachanganya mimumunyo miwili na kuchuja mashapo; inayoyeyuka unatumia asidi na metali, oksidi au kabonati ya ziada, unachuja, kisha unavukiza; ya sodiamu au potasiamu unatumia taitresheni, yaani kudondosha asidi iliyopimwa kwenye alkali hadi kiashiria kibadilike rangi.

Kasi ya mmenyuko inapimwa kwa marumaru ileile. Unga una eneo kubwa la juu kuliko vipande, kwa hiyo migongano ni mingi na gesi hutoka haraka. Kwenye grafu ya ujazo wa gesi na muda, mstari wa unga unapanda mkali zaidi, lakini kama masi ya jiwe na kiasi cha asidi ni sawa, mistari yote miwili hulala kwenye kimo kimoja. Wengi huchora wa unga ukiishia juu zaidi. Gesi ya ziada ingetoka wapi?

Mada zilizobaki zipitie kwa mifano ya hapahapa. Kutu ya baiskeli, na Tanga baiskeli hazihesabiki, inahitaji oksijeni na maji kwa pamoja, na chumvi ya upepo wa bahari huiharakisha. Bati hupakwa zinki ili zinki iliwe kwanza. Mmumunyo mkali wa chumvi ya bahari ukipitishwa umeme hutoa haidrojeni kwenye kathodi, klorini kwenye anodi, na kuacha sodiamu haidroksidi. Tembo la mnazi ni uchachishaji, C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂, na likiachwa wazi ethanoli huoksidishwa kuwa siki.

Hatua ya saba: vitendo

Taitresheni kwanza. Suuza bureti kwa asidi itakayoingia humo, pipeti kwa mmumunyo wake, na flaski kwa maji safi tu. Ukisuuza flaski kwa mmumunyo umeongeza moli usizozihesabu. Soma sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake, na uandike desimali mbili. Fanya ya majaribio, kisha za kweli hadi zikubaliane. Wastani usiingize ya majaribio. Asidi kali na sodiamu kabonati hutaka methili chungwa. Alkali kali na asidi dhaifu hutaka fenofthalini.

Tuseme 25.00 cm³ za sodiamu kabonati zilihitaji 20.00 cm³ za HCl ya 0.1 M.

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za asidi: 0.1 × 0.020 = 0.002. Uwiano ni 2:1, kwa hiyo moli za kabonati ni 0.001. Zimo ndani ya 0.025 dm³, hivyo molariti ni 0.04 M. Zidisha kwa 106: 4.24 g/dm³. Kosa linaloua wengi hapa ni kusahau ile 2.

Swali jingine la vitendo huweza kuwa kasi, yaani sodiamu thaiosalfeti na asidi haidrokloriki, ambapo unapima muda hadi alama ya X chini ya bika ifichwe na mashapo ya salfa. Au uchambuzi wa chumvi isiyojulikana. Kwenye uchambuzi fuata mpangilio: sura na rangi, joto, mwali, asidi, umumunyifu, sodiamu haidroksidi, amonia, uthibitisho. Mwali wa kalsiamu ni mwekundu wa tofali, wa sodiamu manjano ya dhahabu, wa potasiamu zambarau hafifu, wa shaba kijani-buluu. Kwa sodiamu haidroksidi, mashapo ya Fe²⁺ ni ya kijani, ya Fe³⁺ ni ya kahawia-nyekundu, ya Cu²⁺ ni ya buluu. Meupe yakiyeyuka kwenye ziada ni zinki, aluminiamu au risasi. Yasipoyeyuka fikiria kalsiamu. Zinki inajitenga kwa kuyeyuka pia kwenye ziada ya amonia.

Safu ya uchunguzi andika ulichokiona na kukinusa tu: "povu lilitoka, gesi isiyo na rangi ilifanya maji ya chokaa kuwa maziwa". Neno "kabonidayoksaidi" ni la safu ya hitimisho. Ukiliweka safu ya kwanza, msahihishaji hana pa kukupa alama ya uchunguzi. Na jibu la mwisho la chumvi lisibaki "ina Ca²⁺ na CO₃²⁻". Malizia kwa jina lake na fomula yake.